Hisa Mia Tatu Zilizobaki

Asubuhi hiyo Salha alikuwa uani kwake, mtaa wa Nkuhungu, anapepeta alizeti. Upepo ulikuwa mkali. Makapi yaliruka mpaka kwa jirani. Mwenzake Joha alishika mdomo wa gunia.

Kila msimu wawili hawa walikamulia alizeti yao kwenye mashine ya watu. Sasa walitaka mashine yao wenyewe.

Mara akaingia Abdulnasiri, kaka yake Salha, dalali wa mahindi soko la Kibaigwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mashine nimeipata, dada. Likubwa hilo! Benki watanikopesha. Nipe hati ya nyumba niweke dhamana."

Salha akaacha ungo. Nyumba hiyo waliachiwa na baba yao, wote wawili. Salha aliishi humo na wanawe wanne.

"Mkopo kwa jina la nani?"

"Langu! Mkubwa si mimi? Kwetu biashara huandikwa jina la mkubwa."

"Na mambo yakiharibika?"

"Usiniombee mabaya. Jumamosi naifuata hati."

Mchana Salha hakula. Kumnyima kaka ni aibu. Kumpa, huenda watoto wakakosa pa kulala.

"Twende kwa Hilda," Joha akasema. Hilda alikuwa jirani yao, karani wa wakili pale mjini. Wakamkuta anamenya viazi.

"Sajilini kampuni," Hilda akasema. "Ile inayoandikwa Limited mwisho wa jina."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Hasara yako ina mpaka. Ukichukua hisa za milioni mbili ukazilipa zote, kampuni ikianguka umepoteza hizo milioni mbili. Wenye kudai hawaji kubeba kitanda chako. Kwa sababu deni ni la kampuni, si lako. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu."

"Mtu?" Joha akacheka. "Anakula ugali?"

"Hali. Ila ana jina na anwani. Anamiliki mashine. Anashtaki, anashtakiwa. Nyie mkifa leo, yeye yupo."

Mwili ulimsisimka Salha. Mtu asiyezaliwa na mama, asiyezikwa!

"Basi nyumba iko salama?" akauliza.

"Ngoja. Ukiiweka mwenyewe dhamana, hata kampuni haikuokoi. Benki wataichukua. Anzeni na hela mliyonayo."

Hilda akanawa mikono, akaeleza. Kila mmoja awe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na TIN, namba ya mlipa kodi. Wachague jina ambalo halijachukuliwa. Waandike katiba ya kampuni: itafanya kazi gani, mtaji ni kiasi gani, nani ana hisa ngapi. Wataje wakurugenzi, wasaini mbele ya wakili. Kisha fomu zinaingizwa kwenye mtandao wa BRELA, wanaosajili kampuni, na ada inalipwa.

"Mtaji tuandike milioni mia tano," Joha akadakia. "Kibaigwa watuheshimu!"

"We Joha! Ada inapanda kwa mtaji. Na hisa ukishazichukua, lazima uzilipe. Unazo hizo?"

Joha akaficha uso kwenye kanga.

Wakaandika milioni tano, hisa elfu moja. Salha mia nne, Joha mia tatu. Mia tatu zilizobaki zisipewe mtu kwanza.

Jumamosi Abdulnasiri akaja. Salha akampa kiti, akayasema yote.

"Hati sitoi, kaka. Ila njoo kwenye kampuni. Hisa zako mia tatu zipo."

"Mia tatu? Wewe mia nne? Mdogo wangu ndiye anigawie mimi?"

Akatoka bila kuaga.

Salha alilia. Jumatatu akaenda na Joha kwa wakili, wakasaini.

Siku cheti cha kampuni kilipotoka, Hilda alikuja nacho mkononi. Salha akalifuata jina kwa kidole, herufi moja moja. Jana mtu huyu hakuwepo duniani. Leo yupo, ana namba yake, anaishi Nkuhungu.

"Subhanallah," akanong'ona. Hata Joha alikosa utani.

Hilda akawakumbusha: "Bado TIN ya kampuni, leseni ya biashara na akaunti ya benki. Na kila mwaka mpeleke taarifa BRELA. Huyu mtu anataka kutunzwa."

Wakafanya yote. Hela ya hisa ikanunua mashine ndogo, iliyotumika. Msimu ule shule moja ya bweni ikaanza kuchukua mafuta kwao. Zamani iliwakataa, ilitaka kampuni yenye leseni. Malipo yakaingia akaunti ya kampuni. Nyumba haikuguswa.

Jioni moja mashine ikiwa inanguruma, Salha akaandika kwenye simu:

"Shikamoo kaka. Mashine inafanya kazi. Zile hisa mia tatu hatujampa mtu. Ukizitaka, njoo ulipie, tukuandike. Mdogo wako, Salha."

Akatuma. Alama mbili za bluu zikatokea. Amesoma.

Salha akaiweka simu juu ya gunia, ionekane vizuri. Joha akajaza dumu la kwanza, la pili, la tatu. Kaka hakujibu.