Abee ya Magharibi

Zubeida aliandika mstari mzima wa kasida, akainua macho, akakuta ukurasa mweupe.

Hakushtuka. Kompyuta ile ilikuwa na vituko vyake tangu Fondo, fundi wa Kisauni, alipoing'oa Windows na kuiwekea Linux, mwaka ule wa tisini na tisa ambapo kila mwenye bisibisi alijiita mtaalamu. Aliiwekea pia kibao cha herufi za Kiarabu, utepe mwembamba uliokaa pembeni mwa skrini: unabofya herufi, inaingia ukurasani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Bombolulu, na kitabu cha kasida kilingojewa kabla ya Maulidi.

"Dirisha moja tu ndilo linalosikia vitufe, dada Zubeida," Fondo alimweleza. "Ukikigusa kibao, kinajifanya dirisha nacho, kinanyakua masikio. Wewe waandika, ukurasa hausikii."

"Na maneno yangu yaenda wapi?"

Fondo alicheka, akasema hayaendi popote, kibao hakina pa kuyaweka. Akamfundisha kubofya tena ukurasani kila anapochagua herufi. Zubeida akazoea, huku akinung'unika kwamba taipu yake ya zamani haikuwa na kiburi hiki.

Binti yake Alawiya, mwenye umri wa miaka mitano, alikuja ofisini kila alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani, akacheza chini ya meza. Mtoto wa adabu, na mama yake hakuona haya kujivunia: ukimwita mara moja tu, huyo ameitika. Alasiri moja Zubeida akipambana na kibao, mtoto akaitika kutoka kule chini, "Abee, mama."

"Sikukwita."

"Umenita, mama."

Zubeida alimwambia acheze, akarudi kazini. Alikuwa na haraka.

Siku zilizofuata kibao kilianza kunyakua masikio bila kuguswa. Yeye yuko katikati ya neno, utepe wa juu wa dirisha lake unafifia kutoka buluu hadi kijivu, na vitufe vinalia bure. Chumba kikaingia harufu ya asumini iliyooza. Alifagia, akainua mkeka, akatazama nyuma ya kabati, asione ua wala panya aliyekufa.

Bibi yake alimlea kwa mambo mawili. Ukiitwa, itika. Lakini wakati wa magharibi usiitike mpaka umemwona anayekuita. Zubeida aliyajua yote mawili, ila la kwanza liliingia ulimini na la pili lilibaki kichwani, na jioni ile, adhana ya magharibi ikiendelea kwenye msikiti wa jirani, kipanya kikiwa kimetulia mbali na mkono wake, herufi za kibao zilianza kuwaka zenyewe moja baada ya nyingine, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma kwa kidole, na yeye akazifuata kwa midomo bila kujua anafanya nini, mpaka zikaungana zikawa jina lake, na kabla hajafikiri ulimi ukamtoka.

"Abee."

Dirisha likageuka kijivu. Feni ilisimama, ikarudi kuzunguka.

Usiku ule nyumbani kwao Frere Town alimwambia mumewe, Ishaka, kwamba chai iko tayari. Ishaka, mpishi wa hoteli ya Shanzu, si mtu wa mizaha. Aligeuza uso kwenye pembe ya chumba, pale pasipokuwa na mtu, akasema, "Ahsante, mke wangu." Zubeida alimshika bega, akamwita kwa jina, akamwambia niko huku, nitazame, na kila alilosema Ishaka alilijibu kwa upole kule pembeni, akitabasamu, akingoja, akijibu tena mambo ambayo Zubeida hakuyasema, na ile harufu ya asumini ikawa inatoka pale alipokuwa anatazama. Zubeida aliogopa kiasi cha kushindwa kulia. Aliogopa zaidi alipomkumbuka mtoto, maana mume ni mtu mzima, lakini mtoto asiyemsikia mama yake atamfuata nani? Alimbeba Alawiya akiwa amelala, asithubutu kumwita.

Asubuhi, kwa bahati, Ishaka alipata kumsikia maneno mawili matatu, naye hakungoja. Alivuka feri hadi Likoni, akarudi na Bi Mwanatabu, mganga wa Kidigo aliyejulikana zaidi kwa ukali wake kuliko kwa dawa zake. Fondo naye aliitwa. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akanong'ona kwamba ni hitilafu tu, ila hakuingia.

Bi Mwanatabu alifukiza ubani, akanyunyiza marashi mezani, akauliza, "Wewe uliye hapa wataka nini?"

Jibu lilitoka kinywani mwa Zubeida, kwa sauti kavu. "Sitaki kitu. Nimeitikiwa."

Mganga alimshika kichwa. "Ni nani aliyeitika? Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu," Zubeida alisema, sasa kwa sauti yake, na aliamini.

Basi Bi Mwanatabu akasimama nyuma yake, akawa anamwita kwa jina lake na la mama yake mzazi, na Zubeida anaitika, huyu anaita, yule anaitika, mpaka ile abee iliyopotea ikarudi kwa watu. Ubani ulikatika. Harufu ikaondoka. Fondo akajipa moyo, akaingia, akakifunga kibao kisiweze tena kunyakua masikio, na mstari wa kasida ukaandikika mpaka mwisho. Ishaka alimtazama mkewe machoni, akamwita. Zubeida alicheka na kulia pamoja.

Walirudi nyumbani jua lingali juu. Alawiya, waliyemwacha asubuhi na jirani akiwa bado amelala, alikuwa sebuleni amekaa mkekani, amewapa mgongo. Zubeida alisimama mlangoni, akafungua mikono.

"Alawiya."

"Abee, mama," mtoto aliitika mara moja, kwa adabu zake zote, akiitazama pembe ya chumba.

"Alawiya, mwanangu, mimi niko huku."

Mtoto aligeuka. Alimtazama kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akasogea karibu na ile pembe, akanong'ona:

"Mama, yule mwanamke mlangoni amwita nani?"