Namba ya Karatasi ya Zamani

Jumatano, saa tatu ya asubui, Jocelyne aliingia mu duka ya Yvette, fundi wa simu pale Base Camp, mu kambi ya bakimbizi. Mugongoni alikuwa na mutoto wa binamu yake Eliane, tangu jana Eliane alipoenda soko ya Kakoba, Mbarara, kuleta bitenge.

"Soma hii, dada."

Ilikuwa imeli ya Jocelyne mwenyewe: "Ninaacha fasi yangu ya shule ya uuguzi Mbarara. Mupatie mwingine." Ilitumwa kwa shule jana, saa ine na nusu.

"Si mimi niliandika. Na leo saa sita banafunga liste."

Miaka tatu alingojea ile fasi. Mutu ameifuta kwa mustari mbili tu.

"Paswadi yako ni nini?"

"Namba ya karatasi ya familia."

"Ile banasomaka mu mikro mbele ya batu bote siku ya kugawa posho? Jocelyne, umepatia kambi nzima ufunguo."

"Hapana. Ni ya zamani, ya kabla banitoe ku karatasi ya mjomba, banipatie yangu. Miaka ine haisomwi."

Yvette akafungua ukurasa yenye imeli inaonyesha mutu aliingia na mashini gani, wapi: kompyuta, Mbarara.

Bakaanza kwa Gad, mwenye kuchaji simu, sababu simu ya Jocelyne ilishinda kwake jana.

"Niko na solar moja na kiti moja," Gad akasema. "Kompyuta nitoe wapi? Na Mbarara niliruka na mabawa?"

Nicodème, mwenye kufuata Jocelyne ku liste ya shule, alikasirika. "Nimefika hapa mwaka jana. Hiyo namba yenu nitaijua namna gani? Na jana nililima shamba ya patron kule Ngarama kutwa nzima, mumuulize."

Yvette akasimama njiani. "Nani alipangaka mustari ya posho na ile karatasi?"

"Mjomba, alishakufa. Mimi. Na..." Jocelyne akageuza kichwa kwa mutoto. Mutoto akalia mugongoni.

Bakakuta Eliane anapanga bitenge ku meza yake.

"Jana, saa ine na nusu, Kakoba, kompyuta ya kulipia," Yvette akasema. "Ni wewe."

Eliane akakunja kitenge moja mara mbili. "Nilijaribu namba ya karatasi yetu, ikafungua. Akienda, nani atabaki na batoto? Nani atachota maji? Mimi niko na biashara."

"Ungeniomba," Jocelyne akasema. "Ukachukua namba yenye ilitulisha sisi wote, ukanifungia nayo mulango."

Yvette akapigia shule, akamutia Eliane simu mu mukono. "Sema."

Saa sita kasoro dakika kumi, Eliane alisema yote. Sauti ya kule ikajibu: "Jina lake linabaki."

"Sasa paswadi mupya," Yvette akasema. "Maneno ine yenye hayajuani. Ndefu. Hata mimi usinionyeshe."

Akageuka. Jocelyne akaandika kwa muda murefu. Kisha akafungua kitenge mugongoni, akaweka mutoto ku magoti ya mama yake, Eliane.