Aliyeitikia Kumi na Tisa

Insha thelathini na tisa zilianza na wanafunzi kupanda treni. Moja ilianza na treni kuondoka.

Mwalimu wa jiografia alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, saa tisa mchana, kalamu nyekundu mkononi. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu awapeleke wanafunzi arobaini katika safari ya mafunzo, kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwisho wa pili, siku mbili kwenda na mbili kurudi, wakajionee wenyewe mito, mabonde na migodi waliyozoea kuichora ubaoni. Mkuu wa shule alimsifu mbele ya wazazi: amekwenda na arobaini, amerudi na arobaini. Kisha mwalimu akawaambia wanafunzi kila mmoja aandike alichojifunza njiani, nao, kama ilivyo kawaida yao, wakaandika walichokula.

Ile insha moja ilikuwa ya binti yake.

Wanafunzi walimwita Bi Rula, naye alilijua jina hilo na wala halikumkera. Alitaka kila kitu kinyooke. Mtoto wake wa pekee alipoingia darasani kwake, alimweka kitako na kumwambia kwamba akivuka geti la shule hana mama, ana mwalimu kama wenzake. Siku ya safari alimkazia zaidi. Kila mwanafunzi alikuwa amepewa namba, maana kuita majina arobaini ndani ya behewa lenye kelele ni kujitafutia kukauka koo. Kila treni ilipoanza kuondoka kituoni, Bi Rula aliita namba, mwenyewe akajibu "nipo", naye akaweka tiki.

"Ndani ya treni huna jina," alimwambia bintiye. "Ukisikia unaitwa kwa jina usigeuke, hata nikiwa ni mimi. Itikia namba yako tu. Sitaki watu waseme nimemleta mwanangu kutembea."

Binti alikuwa mtoto wa kusikia. Namba yake ilikuwa kumi na tisa.

Bi Rula akaisoma ile insha mara ya pili, taratibu, kidole kikifuata mstari. "Msichana mmoja alikuwa bado bombani na chupa mbili. Treni ilipoanza kuondoka alikimbia. Aliita mama mara tatu, kisha akakumbuka, akaita mwalimu. Mwalimu alikuwa dirisha la nne, ameinamia karatasi. Hakutazama nje. Alipoita kumi na tisa, nafasi ilikuwa wazi, nikaitika."

Mwandiko ulikuwa wa binti yake kabisa, mpaka ile herufi ya mwisho aliyozoea kuivuta mkia.

Akakikumbuka kituo chenyewe. Ilikuwa saa saba mchana, kituo kidogo kilichofungwa zamani, milango imepigiliwa mbao, treni yao imesimama kupisha nyingine. Alisikia kiu. Mtoto wa mtu humtumi ovyo, lakini wako unamtuma tu, na yeye akamtuma wake akajaze maji. Treni ilipojikokota akashika orodha. Kwenye kumi na tisa alisikia "nipo" kutoka nyuma yake, karibu na mlango, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakimwangalia kuona kama atageuka kwa mwanawe, hakugeuka. Alijisikia vizuri kwa kutogeuka. Maji hayakuletwa. Baadaye binti alimwambia bomba lilikuwa kavu, na yakaishia hapo.

Alikaa pale chumbani mpaka mfagizi akaja kufunga madirisha. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa ameyaona yote nyumbani kwa wiki tatu na akayapa majina mengine. Mtoto hanywi maji, akasema ni utu uzima unaingia. Chumba chake kinanuka chuma cha moto, ile harufu ya magurudumu ya treni yakishikwa breki, akasema ni begi la safari halijafuliwa. Alasiri, binti akijilaza, ukutani hutoka mlio wa reli, wa mbali, usiokatika, akasema ni jirani na cherehani yake. Na mtoto hamwiti mama tena, hata jikoni. Anamwita Mwalimu. Mumewe, fundi redio, mtu wa mizaha, alicheka mpaka akakohoa. Alisema safari imemnyoosha binti. Akitumwa haraka anakwenda, akikatazwa haulizi. "Ungempeleka mapema," alimwambia mkewe.

Jioni hiyo Bi Rula alijaza glasi ya maji, akaiweka mezani mbele ya binti, akafunga mlango wa jikoni.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Kumi na tisa, Mwalimu."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ulipomtuma." Binti aliitazama ile glasi, na maji yakaanza kushuka yenyewe, kidogo kidogo, mpaka ikabaki kavu, na hakuna aliyeigusa. Kisha akauliza kwa adabu kama aoshe vyombo.

Usiniulize kwa nini hakwenda polisi. Utatoaje taarifa ya kupotea kwa mtoto ambaye yumo darasani, nywele zimesukwa, daftari safi? Alipiga simu reli, akaambiwa kwamba kituo kile hakina mtu, mafundi wa njia hupita pale kila wiki na hawajamwona msichana yeyote. Mtu wa simu alimuuliza kama yuko sawa.

Mganga aliyeelekezwa alikuwa ajuza aliyeishi nyuma ya duka la kukata vioo, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Bi Rula alimpeleka binti kwa kisingizio cha kichwa kuuma. Ajuza alimtazama binti mara moja tu, akamwomba akasubiri dukani, akavuta pazia.

"Hilo silifukuzi," akasema kwa sauti ya chini. "Lingekuwa limeingia kwa kuvizia, ningelitoa. Wewe umeliita, likaitika, ukaliandikia nafasi. Hilo ni la mahali pakavu, hukaa pale likingoja kuitwa."

"Na mwanangu?"

"Yupo bombani. Macho ya watu hayamwoni, kwa sababu kwenye hesabu hakupungua mtu." Akamshika mkono. "Nenda naye huyu. Panda treni ile ile, dirisha lile lile. Mkifika, mwite mwanao, na aitike kwa kinywa chake kabla treni haijaondoka. Akiitika, kila mmoja atarudi mahali pake. Lakini usishuke, mama. Hata uone nini, usishuke."

Walipotoka, binti alikuwa amesimama kati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani, ametulia, na Bi Rula alihesabu vioo sita na hakumwona hata katika kimoja.

Mumewe aliambiwa wanakwenda kwa shangazi. Aliwasindikiza stesheni, akawanunulia karanga, akaahidi kuwapokea Jumapili. Alimbusu binti kwenye paji la uso, akasema midomo imemkauka.

Siku ya pili, saa saba mchana, treni ilisimama kupisha nyingine. Bi Rula alikuwa dirisha la nne. Nje jua lilikuwa limesimama juu ya zile mbao, hakuna ndege wala upepo, na bombani alikuwapo msichana mwenye sare ya shule, amewapa mgongo, chupa moja kaishika chini ya bomba na nyingine kaikumbatia, nywele zake zimefumuka na kujaa vumbi, na kisogo kile Bi Rula alikijua tangu kilipokuwa hakijaota nywele.

Akaita jina. Jina alilompa mwenyewe siku aliyomzaa, jina ambalo hakulitaja hata mara moja shuleni. Aliliita mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu kwa kilio mpaka abiria wakageuka. Msichana hakugeuka. Mabega yalishtuka kila mara, alikuwa anasikia, alikuwa anajizuia, alikuwa anafanya kama alivyoambiwa.

Hapo ndipo Bi Rula alipoelewa, na akaita kile kilichobaki. "Kumi na tisa!"

"Nipo, Mwalimu," akajibu yule aliyeketi kando yake, upesi, kabla msichana wa bombani hajafungua kinywa.

Treni ikatikisika. Bi Rula akaita tena kumi na tisa na kando yake ikajibiwa nipo, akaita tena na ikajibiwa tena, kila mara upesi zaidi na kwa furaha zaidi, na maneno ya ajuza yalikuwa bado masikioni mwake alipowapiga kumbo abiria, akaufikia mlango, akaruka, akaanguka kwenye kokoto, akainuka magoti yakivuja damu, akakimbia kuelekea bombani huku akisema ni mimi, ni mama, geuka, geuka mwanangu, nimekuruhusu kugeuka.

Akamkumbatia kwa nyuma. Mwili ulikuwa wa moto na mwepesi. Bomba lilikuwa halitoi hata tone, na chupa ilikuwa tupu.

"Mama," akasema binti yake bila kugeuka, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeita sana. "Nilikuita siku ile. Ukaweka tiki."

"Twende. Twende, treni inaondoka."

"Hatuna nafasi."

Bi Rula akageuka. Mabehewa yalikuwa yakipita taratibu mbele yao. Dirisha la nne lilipofika, aliona wawili wamekaa. Mmoja alikuwa binti mwenye nywele zilizosukwa. Wa pili alikuwa mwanamke aliyevaa gauni lake, miwani yake, ameinamia karatasi, kalamu mkononi. Bi Rula akapiga kelele, akapunga mikono, akaita. Mwanamke hakutazama nje.

"Moja," sauti yake mwenyewe ikasema kutoka dirishani, imenyooka, ya ualimu.

"Nipo," akajibu binti.

"Mbili."

Bi Rula akafungua kinywa kuitika, na koo lilikuwa kavu.

"Nipo," ikajibu sauti yake dirishani, na kalamu ikaweka tiki. Jumapili, mumewe alikuwa stesheni mapema, akawahesabu walivyoshuka, mmoja, wawili, akachukua mabegi.