Geti la Ngazi

Haya yalimpata rafiki yangu Eucabeth, na si mtu wa kubuni maneno. Anauza mapazia kwenye ghorofa kuukuu mjini Homa Bay. Tajiri wa Kihindi aliyeijenga aliishi juu. Kila magharibi, hadi alipokufa, alifunga geti la ngazi mwenyewe, kutoka ndani.

Ijumaa moja Eucabeth alipanda stoo kuchukua kitambaa. Akasikia mnyororo ukiburutwa chini, kisha kufuli, ka! Akacheka. Nyamongo, mlinzi, ni Msabato. Jua likikaribia kuzama hufunga haraka haraka. Akashuka gizani akipapasa ukuta.

"Mzee, umenifungia ndani!"

Nyamongo akaja mbio kutoka barabarani, akamulika tochi kwenye vyuma.

"Si mimi, mama. Kufuli iko upande wako."

Na juu, alikotoka Eucabeth sasa hivi, funguo zikalia.