Namba Saba Shingoni mwa Dahabo

Kila asubuhi Saynab humkamua Dahabo kabla hajanywa chai yake mwenyewe. Pale nje ya Habaswein, nani asiyemjua Dahabo? Ng'ombe mwekundu, mpole, na maziwa yake yanatosha wajukuu watano. Mgeni akimsifu bila kusema mashallah ya kuzuia kijicho, Saynab hununa mpaka jua litue.

Siku moja Mursal, mume wake, alirudi na habari.

"Nimemwandikisha Dahabo kwenye utafiti wa chanjo ya homa ya mapafu. Atachanjwa, kisha damu yake itapimwa."

"Damu ya Dahabo? Wallahi, maziwa yatakauka!"

"Nimeshasema, Saynab. Kila boma linatoa ng'ombe mmoja."

Saynab akaenda kuwatazama ng'ombe. Akiacha kubishana huyu mama, ujue kuna jambo.

Siku ya chanjo Mursal alikuwa sokoni. Saynab akamficha Dahabo vichakani, akamleta Guduudo. Huyu naye ni mwekundu vile vile, ila mvivu wa maziwa. Daktari Mulki wa utafiti huo, binti wa Garissa, angejuaje? Alimtoa damu kidogo, akamchanja, akamvisha kamba yenye namba saba. Kabla Mursal hajarudi, Saynab akaihamishia kamba shingoni mwa Dahabo.

Wiki nne zikapita. Guduudo alikula, akanenepa. Kumbe sindano si kitu! Saynab akaona haya. Mulki alipokuja kuchukua damu ya pili, Saynab akamtolea Dahabo mwenyewe.

"Sasa uongo wangu umenyooka," Saynab alijiambia, na moyo wake ukatulia kabisa.

Baada ya wiki moja Mulki alirudi, uso umekunjamana.

"Eddo Saynab, shangazi yangu, nina habari mbaya. Chanjo haikumshika Dahabo. Hana kinga."

"Umejuaje?"

"Damu imesema. Mwilini mna askari wanaopigana na ugonjwa. Wakimtambua adui, hutoa protini ndogo sana za kuitana, kama nyinyi mnavyopigiana simu fisi akionekana. Kule maabara tunachanganya damu na vipande vya kijidudu kilichokufa, halafu tunapima protini hizo. Kwa ng'ombe aliyechanjwa, simu hulia kila upande. Kwa Dahabo, kimya."

Mursal akaguna. "Basi chanjo yenu ni bure. Kesho tunahamia Tarbaj, kuna majani."

"Mzee, huko ng'ombe wanakohoa!"

"Aliyechanjwa na asiyechanjwa, si wote sawa?"

Mulki akainamisha kichwa. "Nami itabidi niandike kwamba chanjo imeshindwa kwa namba saba. Wafugaji wakisikia, wengi wataikataa."

Akilini Saynab alimwona Dahabo wake akikohoa huko Tarbaj, na wajukuu wameshika vikombe vitupu. Aibu ni mbaya, lakini kumpoteza Dahabo ni kubaya zaidi.

"Chanjo haina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Uliyemchanja ni Guduudo. Nilihamisha kamba."

Mursal aligeuka kumtazama Guduudo. Mulki naye alimkazia Saynab macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ua wa boma.

"Eddo! Nimepima mara tatu! Nimeitukana mashine bila kosa lolote!"

"Cheka, mwanangu, lakini mchanje Dahabo."

Mulki alimchanja, akamvisha namba nane, iliyokuwa bado haina ng'ombe. Guduudo akarudishiwa namba saba, akatolewa damu ya kupimwa baadaye pamoja na ya Dahabo. Ng'ombe wengine wa boma nao wakachanjwa.

"Penye sindano pakivimba kidogo msiogope," Mulki alieleza. "Ila mwili unahitaji wiki nne kujifunza. Msihame kabla. Na damu ya kwanza na ya pili lazima zitoke kwa ng'ombe yule yule. Tukichanganya, tutawadanganya wafugaji wote."

"Tarbaj itangoja," Mursal alisema, akimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. "Leo namba ziko sawa, mama? Au tuhesabu tena?"

"Nyamaza, mzee wewe."

Wakangoja. Maziwa ya Dahabo hayakupungua hata kikombe kimoja. Wiki nne zilipotimia, Mulki alichukua damu ya Dahabo. Siku chache baadaye simu ya Saynab ikalia.

"Eddo! Guduudo ana kinga. Na Dahabo, ah, protini zake ni nyingi ajabu! Sijaona ng'ombe kama huyu tangu—"

"Sema mashallah kwanza!" Saynab alipiga kelele.

"Mashallah, eddo. Mashallah."

"Haya. Sasa msifu mpaka uchoke," alisema Saynab, akachukua chombo chake kwenda kukamua.