Siku Sita za Kubuni

Kila siku saa kumi na nusu jioni Mama alirudi kutoka kazini akiwa na vibanio vya nguo kwenye aproni. Alikuwa dobi katika hospitali kubwa ya mji wetu, na vibanio hivyo alivitumia kuhesabia. Mifuko ya mashuka machafu ilipopitishwa kwenye kidirisha cha chumba cha kufulia, kila alipofikisha mashuka kumi alibana kibanio kimoja kifuani. Mara nyingi alisahau kuvitoa. Majirani walimwona akipita njiani na vibanio vyake, wakamcheka, naye akacheka nao.

Kazi yangu ilianzia hapo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Mama aliniita Karani. Alikuwa anasomea shahada ya utawala kwa njia ya masafa, mwaka wa mwisho, katika chuo ambacho hakuwahi kutia mguu. Masomo aliyasikiliza kwenye simu huku akipika. Majibu ya mazoezi alinitamkia akiwa ameloweka miguu kwenye beseni, nami niliyachapa kwenye kompyuta yetu kuukuu, ambayo herufi K haikubali mpaka uigandamize kwa nguvu. Mwenyewe alichapa polepole mno. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha.

Nilishawahi kuingia kwenye kile chumba cha kufulia, siku nilipompelekea miwani yake. Hakikuwa na dirisha ila kile kidirisha cha mifuko. Mvuke ulijaa mpaka darini, boila la kuchemshia maji linanguruma, na ukutani maji yanatiririka. Mama alikuwa amefanya kazi humo miaka kumi na miwili. Alikohoa asubuhi, akakohoa jioni, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba mvuke ule haumfai. Lakini angekwenda wapi? Mtu aliyeacha shule mapema, kila nafasi aliyoomba hospitalini alijibiwa kwamba mwombaji hana budi kuwa na shahada.

"Nataka nitoke mle kwa miguu yangu," aliniambia siku moja. "Sitaki kutolewa nimebebwa."

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa fundi viatu, na kila Jumamosi alipokuja alimtania. Aliyaita masomo yake shahada ya bando, eti imenunuliwa kwa intaneti ya simu. Alisema waajiri wanataka mtu aliyesugua benchi darasani, kwa sababu huku kwenye simu nani atajua aliyesoma ni nani? Mama alimwambia anywe chai yake. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, nikajiapiza kwamba nitahakikisha anashinda.

Ndipo likaja zoezi la sita. Kila mwanafunzi alitakiwa apime jambo moja kazini kwake kwa siku kumi na nne, kisha aeleze alichogundua. Mama alichagua mashuka yanayopotea. Aliandika kwenye daftari mashuka yaliyotoka kwake kwenda kila wodi, na yaliyorudi. Alianza Jumatatu akaenda hadi Jumanne ya wiki ya pili, ila Jumapili alipiga mstari tu. Jumatano mashine moja ikaharibika, akahamishiwa kwenye boila, na hesabu ikakatika.

Mama hakubabaika. Aliniambia nimwandikie mkufunzi, nimweleze kuwa hesabu haijakamilika, tena nimwombe atuongezee wiki mbili. Kisha akavaa viatu akaenda zamu ya ziada.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Wiki mbili nyingine? Zoezi likichelewa, labda asingemaliza mwaka ule. Nikaona huruma, na niseme ukweli, nikaona uvivu pia. Nikabuni tarakimu za siku tano zilizobaki. Nikaona na ule mstari wa Jumapili ya kwanza, nikadhani Mama alipitiwa, nikaijaza na hiyo. Swali la mwisho lilitaka kutaja wodi inayopoteza zaidi. Tarakimu za Mama hazikuonyesha wodi yoyote iliyozidi nyingine, basi nikachagua wodi ya wazazi, nikiwaza kwamba penye watoto wachanga vitambaa lazima vipotee. Nikatuma.

Mama aliporudi nilimwambia mkufunzi amekubali zoezi lilivyo, siku zile nane zinatosha. Uongo ule ulinitoka bila kukwama.

Baada ya wiki matokeo yakaja: alama themanini na sita, na sifa juu yake. Mama alizisoma mara tatu akafuta miwani. Siku chache baadaye hospitali ikatangaza nafasi ya msimamizi wa ufuaji na usafi. Mwombaji awe na shahada au awe mwaka wa mwisho, na aambatishe kazi moja aliyoifanya. Mama alinituma dukani nikatoe nakala ya zoezi la sita. Nikaitoa, nikaitia kwenye bahasha mwenyewe na kuifunga. Mama hakuisoma tena, kwa kuwa alidhani humo ndani mna maneno yake.

Wiki iliyofuata, jioni moja, Mama Pacha akabisha hodi. Alikuwa mhudumu anayepokea mashuka katika wodi ya wazazi na jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama wa watoto pacha. Siku nyingine huingia huku anaongea. Siku hiyo alisimama mlangoni.

"Mwenzangu, umeandika nini juu yetu?" aliuliza. "Nimeitwa nieleze mashuka ninayapeleka wapi. Mimi mwizi?"

Mama alishangaa. Alimwambia kwamba hakuandika neno lolote juu ya wodi ya wazazi. Mama Pacha akasema karatasi ameiona kwa macho yake, jina ni la Mama, na wodi imetajwa. Amepewa mpaka mwisho wa wiki atoe maelezo, asipoeleweka atasimamishwa kazi. Akaondoka analia, na Mama akabaki kashika mlango.

Mimi nilikuwa mezani nimejikausha, najifanya nachonga penseli. Mama akaniomba nimfungulie lile zoezi alisome. Nikasema kompyuta imegoma. Huo ulikuwa uongo wa pili, na wala haukunipa nafuu.

Siku mbili zilizofuata sikupata pa kupumulia. Nikisema ukweli, Mama anakosa nafasi na anarudi kwenye mvuke wake kwa aibu. Nikinyamaza, Mama Pacha anafukuzwa kwa kosa la kichwani mwangu. Shuleni mwalimu aliniita mara mbili sikusikia. Nyumbani kila niliposikia hodi nilidhani watu wa hospitali wamekuja. Mama naye alikuwa hali vizuri, anajiuliza nani amembadilishia karatasi.

Asubuhi ya mahojiano alikuwa akipiga pasi gauni lake la bluu, anajizoeza majibu kwa sauti. Alipofika kwenye habari ya hesabu akasema, "Jumapili hatuhesabu, kwa sababu Jumapili boila huzimwa na kidirisha hufungwa, tunabaki kukunja yaliyokauka tu."

Jumapili zote mbili nilizijaza. Mtu yeyote wa pale hospitalini angeona mara moja kwamba tarakimu zile ni za uongo, na angedhani ni uongo wa Mama. Ningependa kusema nilikiri kwa sababu ya uaminifu. Nilikiri kwa sababu sikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

"Mama," nilisema, "zile siku nyingine niliziandika mimi."

Nilimweleza yote, pamoja na ile kompyuta iliyogoma. Hakunipiga wala hakunipigia kelele. Alichomoa pasi, akaketi. Kisha akaniambia nivae sare yangu ya shule, tunakwenda wote.

Chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo, na kwenye meza walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa muuguzi mkuu, ambaye hospitali nzima ilimwita Metroni. Wa pili alikuwa afisa utumishi mwenye tai iliyombana shingo. Karatasi yetu ilikuwa mbele yao, na Jumapili zote mbili zimezungushiwa wino mwekundu.

Mama hakungoja kuulizwa. "Kazi hii ina jina langu, lakini siku nane tu ndizo zangu," alisema. "Siku sita ni za kubuni. Ameziandika mwanangu bila mimi kujua, na mimi nimezileta kwenu bila kuzisoma. Hilo ni kosa langu. Wodi ya wazazi haina hatia yoyote."

Metroni akanigeukia akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, sauti ikatoka kama ya mtoto wa chekechea.

Afisa utumishi akaguna. "Ndiyo maana tunaziogopa shahada hizi za masafa," alisema. "Mtu hajui aliyesoma ni nani."

Yalikuwa maneno yaleyale ya Mjomba. Miaka yote mitatu hayakuwa kweli. Mama alisoma huku anakohoa, akatamka kila jibu kwa kinywa chake. Mimi ndiye niliyekuja kuyafanya kuwa kweli kwa jioni moja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nilidhani Mama atainuka tuondoke. Badala yake aliomba ile karatasi iwekwe kando, aulizwe chochote bila karatasi. Metroni akamwuliza: kama wewe ni msimamizi, utajuaje shuka linapotelea wapi? Mama akafungua mkoba, akatoa vibanio vyake, akavipanga mezani. Akaeleza kwamba kuhesabu upande mmoja ni kupoteza muda. Anayetoa ahesabu na anayepokea ahesabu, kisha wote wawili watie saini. Akaeleza kwa nini Jumatatu mifuko huwa mingi, na kwa nini hasara isipimwe kwa siku moja, ila kwa wastani wa siku nyingi. Alipokosa neno la kitabuni alitumia kibanio. Afisa utumishi alianza kwa kutazama saa yake, akaishia kuuliza maswali matatu.

Metroni hakumpa kazi siku hiyo. Alimpa siku kumi na nne. "Utahesabu upya," alisema. "Safari hii wodini ahesabu Mama Pacha, kwako uhesabu wewe. Maelezo yake yatasubiri."

Adhabu yangu Mama aliigawa mara mbili. Kwanza nilikwenda peke yangu nyumba ya tatu, nikamwambia Mama Pacha kwa kinywa changu nilichofanya. Alinisikiliza amejishika kiuno, akasema siku mbili hajalala kwa ajili yangu, kisha akafunga mlango. Ilimchukua mwezi mzima kuitikia salamu yangu. Pili, nilimwandikia mkufunzi nikaeleza kila kitu, na Mama akaandika chini yake kwamba ni kweli. Jibu likaja fupi. Alama themanini na sita zimefutwa, somo lile litarudiwa lote, na shahada itasogea miezi sita mbele. Mama alisoma, akakohoa, akasema tumevuna tulichopanda na tuendelee.

Hesabu ya safari hii ilikuwa ya kweli, na ilitushangaza sote. Wodi ya wazazi haikupoteza shuka hata moja. Mashuka yalikuwa yanapotelea chumba cha kufulia chenyewe. Yaliyoraruka yalichanwa kuwa matambaa ya kufutia mashine, na hakuna aliyeyaandika popote. Na aliyechana mengi kuliko wote, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa Mama. Alicheka peke yake alipogundua, halafu akaliandika hivyohivyo, jina lake likiwa la kwanza.

Metroni aliisoma ripoti ile mbele yake. Baada ya wiki ikaja barua. Mama atakaimu nafasi ya msimamizi, ofisi yake yenye madirisha mawili iko ghorofa ya kwanza, na atathibitishwa akikamilisha shahada yake. Akishindwa kuikamilisha, atarudi alikotoka.

Jumamosi ile Mjomba aliisoma barua akiwa ameshika kikombe. Akauliza, kwa hiyo shahada ya bando kumbe inatoa kazi?

Mama alimwongezea chai. "Bila kuwa mwaka wa mwisho wasingeniita hata kwenye mahojiano," alisema. "Kwa hiyo imenisaidia. Lakini nilipoketi pale nilijibu kwa yale niliyoyasoma mwenyewe. Mazoezi yote yangekuwa kama lile la sita, ningekaa bubu mbele ya Metroni."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, maana nilijua zamu yangu imefika.

"Karani, najua ulitaka kunitoa kwenye mvuke haraka. Nimekusamehe. Lakini ukinifanyia wewe, inayotoka mle ni karatasi tu. Mimi nabaki mle ndani. Siku nyingine ukitaka kumsaidia mtu, msaidie afanye kazi yake, usimfanyie. Na ukiona hesabu haijatimia, sema haijatimia. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Siku hizi Mama anachapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, ameweka miguu kwenye beseni. Kikohozi kimepungua. Akifika kwenye K huibonyeza taratibu, herufi haitokei, anaibonyeza tena, naye hataki kabisa niiguse. Mimi nakaa pembeni nimefumba mdomo, mikono mapajani. Ni zoezi gumu kuliko yote niliyowahi kupewa.