Fundi Friji na Nguzo za Hema la Bibi

"Wifi, mwanaume wa kunidanganya mimi hajazaliwa. Na huyo atakayemzaa bado hajapata mchumba."

Sindano aliyasema hayo huku anahema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika jiwe asirudi chini kwa kuteleza. Mlima ulikuwa umeshaanza kumdai pumzi, lakini maneno alikuwa nayo ya akiba.

Wifi yake, mke wa kaka yake, ni mtu ambaye akikohoa ujue ana habari. Akakohoa.

"Sawa. Ila geuka nyuma taratibu, kama unaangalia ndege. Shemeji kabaki tena."

Sindano akageuka. Chini, kwenye kona ya njia, Fundi Friji alikuwa amesimama na mfuko mrefu begani, simu sikioni, kiganja kimeziba mdomo utadhani mawe yana masikio.

"Anaongea na mteja," Sindano akasema.

"Mteja gani wa friji anazungumziwa kwa kunong'ona? Friji lenyewe limelala?"

Sindano akacheka, lakini kicheko hakikushuka mpaka tumboni.

Alikuwa na sababu. Mwanaume wa kwanza aliyemleta nyumbani alikuja na suti, manukato na Kiswahili cha redioni. Kumbe alikuwa na mke, na mke mwenyewe alikuja kumdai siku watu wamekaa kitako wanapanga mahari. Tangu siku ile mjomba wake, ambaye ukoo mzima unamwita Kamanda kwa sababu hata chai huiamrisha ipoe, alikuwa na msemo mmoja: huyu mtoto ana macho ya kitambaa, macho ya watu hana. Safari hii Sindano alikuwa ameapa mbele ya wote kwamba Fundi Friji ni mtu safi. Akiharibu tena, mchumba wa tatu atatafutiwa na Kamanda, na Kamanda tayari alikuwa na rafiki yake mjane anayependa kuzungumzia mgongo wake unavyomuuma.

Na ukoo huu mtihani wake haufanyiwi sebuleni. Kila mwaka wanafunga nyumba, bibi, shangazi, wajukuu na masufuria, wanapanda mlimani kulala kwenye hema moja kubwa aliloacha marehemu babu. Anayetaka binti wao hubeba nguzo za hema hilo mwenyewe na kulisimamisha mwenyewe. Likikutwa limesimama asubuhi, mazungumzo yanaanza. Likiwaangukia watu usingizini, atashuka mlima na salamu zake.

Nguzo zilitunzwa chumbani kwa Sindano, kule anakoshonea mapazia, katikati ya cherehani, marobota na vitambaa vya wateja. Mfuko wake wa turubai alishachoka kuukarabati kila mwaka, mwaka huu akashona mpya. Asubuhi ile ya safari palikuwa na vurugu. Mteja mmoja alikuwa anasubiri mapazia yake, watoto wanalia viatu, Kamanda anapiga honi nje. Sindano alimaliza upindo wa mwisho, akaacha mzigo wa mteja kwa jirani, akazima simu ili wateja wasimfuate mpaka mawinguni, akaingia garini. Alijisikia mwepesi kama unyoya.

Sasa unyoya ulikuwa umeanza kulowa.

Walipofika kambini, uwanda mdogo wa majani chini ya mwamba, Kamanda alikagua ardhi kwa fimbo yake na kuamuru hema lisimame. Fundi Friji akasema ardhi ina unyevu, iachwe inyonye jua kidogo. Baadaye kidogo Kamanda akarudi. Fundi akasema upepo unageuka, tuusome kwanza. Kamanda akautazama upepo, hakuona cha kusoma. Akanyoosha mkono achungulie nguzo, Fundi akaukumbatia mfuko kama mtoto anayeogopa kuchomwa sindano.

"Mjomba, mtihani ni wangu. Niachie niufanye mwenyewe."

"Kijana, mtihani gani unafanywa kwa kukaa?"

Bibi alikuwa amekaa juu ya blanketi, fimbo mapajani. Alikuwa wa kwanza kufika juu na hakuwa hata na jasho. Alimtazama Fundi, akatazama mfuko, kisha akaendelea kutafuna mkate wake.

Watoto wakataka picha. Simu ya Sindano ilikuwa imezimwa ndani kabisa ya begi, akamwomba Fundi yake. Fundi alimpa, halafu akawa kama mtu aliyejutia. Sindano alikuwa anawapanga watoto kwa urefu ujumbe ukashuka juu ya kioo:

"Nimeshatoka. Nikifika getini ushuke wewe mwenyewe. Na kama ulivyoniomba, Sindano hatajua kitu."

Juu ya ujumbe, jina la mtumaji: Milango Miwili.

Mtoto mmoja akauliza mbona shangazi hapigi. Sindano akampiga picha ya miguu, akairudisha simu kwa mwenyewe, akamfuata wifi yake kwenye sufuria ya chai na kumsimulia kwa sauti ya chini.

"Milango Miwili?" Wifi akaacha kukoroga. "Mwanamke anajiita hivyo, na wewe unataka ushahidi mwingine?"

"Labda ni mteja."

"Mteja hajui hata kama upo duniani. Huyu anakujua kwa jina na amekubali usijue."

Punde Fundi akasimama, akajipapasa tumbo na kutangaza kwamba amesahau dawa garini, anashuka na kurudi. Akaondoka, na mfuko wa nguzo begani.

"Mtu anaumwa tumbo anashuka na mzigo?" Wifi akaiuliza chai.

Sindano alikuwa ameshaondoka.

Alishuka kwa mwendo wa paka, akijificha nyuma ya kila kichaka kinachomtosha na vingine visivyomtosha. Moyoni alikuwa anapanga maneno. Alipanga ya matusi, akayafuta. Akapanga ya kuumiza, akayaweka. Kilichomsumbua ni kwamba chini ya hasira yote kulikuwa na mtu mdogo anayesema: nataka kujua tu. Yukoje? Anacheka vipi? Ana nini?

Getini, walikoacha gari, kulikuwa na ubao mkubwa wenye ramani ya njia za mlima. Akajibanza nyuma yake. Mwanamke mwenye mtandio na miwani ya jua alikuwa ameegemea gari dogo, amempa mgongo.

"Hajashtuka?" mwanamke akauliza.

"Hajui lolote," Fundi akasema. "Naomba abaki hivyo hivyo."

"Utamficha mpaka lini? Wiki ijayo anakuja nyumbani kwangu, atanitazama usoni."

"Mpaka hili la familia lipite. Nikishamuoa nitamwambia mwenyewe, tutacheka."

"Una moyo, fundi. Ningekuwa mimi ningeshamwaga kila kitu."

Sindano akatoka nyuma ya ramani.

"Mwaga basi. Niko hapa, nina nafasi."

Mfuko ukamponyoka Fundi. Mwanamke akageuka, akavua miwani. Sindano akapepesa macho. Alikuwa mteja wake. Yule yule wa asubuhi, wa mapazia ya sebule, ambaye Fundi ndiye aliyemleta baada ya kumtengenezea friji.

"Kwa hiyo ulinipeleka nikapime madirisha ya nyumba unayoingia wewe kwa mlango," akamwambia Fundi. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga.

"Sindano, subiri."

"Nilisubiri na yule wa suti. Nimechoka kusubiri."

Mteja alizunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akavuta mfuko wa turubai uliofanana na ule wa chini kama mapacha, akaumwaga. Nguzo za hema la babu zikaanguka kwenye changarawe kwa kishindo.

"Wakwe zangu wanafika leo jioni," akasema. "Nimechukua mzigo wangu kwa jirani yako, nafungua nitundike mapazia, nakuta vyuma vya kujengea ghala. Nakupigia, umezima. Nimekasirika mpaka nikaenda kunywa maji, ndiyo nikaona kibandiko chenye namba ya fundi mlangoni mwa friji langu la milango miwili, nikampigia."

Sindano akauinua ule mfuko mwingine, akafungua zipu. Ndani, zimefungwa vizuri na utepe, zilikuwa fimbo za mapazia za sebule ya watu. Mifuko yote miwili aliishona yeye mwenyewe, kwa turubai moja.

Akakaa chini, hapo hapo kwenye changarawe.

"Nani kachanganya mifuko?"

Mteja akafungua mdomo. Fundi akamuwahi.

"Mimi. Nilikuwa na haraka, nikabeba usio wenyewe. Nikaona mjomba wako akijua, nimekwisha kabla sijaanza."

Mteja akafunga mdomo, akatazama kiatu chake. Sindano hakuliona hilo. Alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye vumbi na kumkaripia mwanaume wake kwamba macho amepewa ya nini, mfuko hata kuufungua hakuufungua, na siku nyingine akiwa na shida amwambie yeye kwanza kabla ya wenye friji. Fundi aliitikia yote. Alisema ni kweli, alisema amekosa, alisema hatarudia. Kisha wakazibeba nguzo, mmoja mbele mmoja nyuma, wakapanda.

Hema lilisimama kabla jua halijazama, na asubuhi lilikutwa limesimama. Kamanda alilizunguka, akalisukuma kwa kiganja, akalipiga teke kidogo pembeni wakati anadhani hakuna anayemwona. Halikutikisika. Akarudi kwenye chai na kutamka kwamba kijana awaite wazee wake.

Shangazi wakapiga vigelegele. Sindano, kichwa kimeshavimba, akaona huu ndio wakati. Akasimama na kikombe mkononi, akawasimulia mkasa wote tangu kwenye ujumbe mpaka kwenye ramani, sauti ya mteja akiiga na miwani akiivaa ya vidole. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Kwa hiyo mnaona," akamalizia. "Alichanganya mifuko, akaficha, na bado nikamkamata. Mimi sidanganyiki."

Fundi alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama.

"Mke mwenzangu," Bibi akaita.

"Abee, Bibi."

"Jana asubuhi nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani yako. Mdomoni ulikuwa na nini?"

"Mdomoni? Sikumbuki."

"Pini. Umezibana kwa midomo, unapinda pazia. Huyu mume wangu akaingia, akaunyanyua mfuko, akautikisa. Akakuuliza, mbona mwepesi, ndio wenyewe? Hukugeuka hata kumtazama. Ukaitikia kwa kichwa."

Hata Kamanda aliacha kuamrisha chai.

"Bibi, ulijua?" Sindano akauliza.

"Nguzo zile nilizibeba nikiwa bibi harusi, mlio wake naujua. Nilinyamaza nione mtu akibebeshwa kosa la mwenzake atalitua wapi." Akamtazama Fundi. "Kumbe halitui. Analipandisha mpaka mlimani."

Sindano akamgeukia Fundi Friji.

"Kwa hiyo pale getini, ukinitazama usoni, ulinidanganya."

"Kidogo," Fundi akasema. "Sikutaka wayaseme tena macho yako."

Wifi akakohoa.

"Wifi, nikumbushe. Ulisema hajazaliwa nani vile?"

Sindano akachukua kipande kikubwa cha mkate, akakijaza chote mdomoni asipate nafasi ya kujibu. Machozi na kicheko vilikuwa vinagombania njia.

"Basi tumalize," Kamanda akasema. "Binti, huyu unamtaka au humtaka?"

Sindano, mdomo umejaa, akaitikia kwa kichwa.

"Mume wangu," Bibi akamwambia Fundi, "muulize tena akishameza. Hivyo hivyo ndivyo alivyouitikia ule mfuko."